Siku Tisa Kwenye Misonobari

Dawa ya kupigia deki tunayotumia kazini ina harufu ya msonobari. Wenzangu husema inaburudisha. Mimi huvuta pumzi kwa mdomo mpaka korido iishe, kwa sababu harufu ile hunirudisha kwenye kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ndani ya gari jeupe lenye vitanda, lililoegeshwa kando ya ziwa huko Wales. Lilikuwa gari la Baba Neema, Mkenya wa kanisani kwetu, aliyelinunua likiwa kuukuu na kulipenda kama ng'ombe wa maziwa. Ndani mlikuwa na jiko dogo la gesi, sinki ya kutosha vikombe vitatu, na viti vya sponji vilivyogeuzwa vitanda ukifika wakati wa kulala. Misonobari ilisimama imenyooka mpaka ukingoni mwa maji, na chini yake ardhi ilikuwa laini kwa majani makavu kama sindano, hata mtu akipita husikii hatua zake.

Sisi tulikuwa Wakongo wa Kivu, tuliopewa nyumba mjini, mtaa wa Newtown. Mama alikuwa amelazwa tangu kabla shule hazijafungwa, na kila tulipouliza, baba alisema anapata nafuu. Asubuhi ya safari tuliamka tukawakuta wanaume wa kanisani wakitoa sofa zetu kupitia mlango wa jikoni, wakizipanga uani. Nikamuuliza baba kulikoni. Akasema zulia linaoshwa. Nikaomba tupitie hospitali kwanza, tumuage mama. Akaniwekea mkono kichwani bila kunitazama. "Muende mupumuzike, batoto yangu," alisema. "Mama anaendelea muzuri. Mutamuona mukirudi." Mimi na mdogo wangu Furaha, aliyekuwa na miaka saba, tukapanda gari tukishangilia, tukampungia mikono mpaka tukakata kona.

Sitadanganya: siku tatu za kwanza zilikuwa tamu. Hatukuwa tumewahi kuliona ziwa la Ulaya, wala kulala mahali pasipo na honi. Baba Neema alitugongea bati kila asubuhi, "Wakongo wangu, amkeni! Samaki hawangojei mpaka mswaki uishe!" na samaki wenyewe hakuwahi kumpata hata mmoja. Mkewe, Mama Neema, ambaye alikuwa muuguzi, alimwambia mbele yetu kwamba samaki wanaomngoja wako sokoni, tena wameshakufa. Tulicheka mpaka Furaha akapaliwa na chai. Furaha alikuwa akiokota mbegu za msonobari, zile kubwa zenye magamba, akizifuta moja moja na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki. Zilikuwa za mama.

Siku ya nne mvua ilinyesha na gari likavuja. Jua lilipotoka, Baba Neema alitoa viti vyote vya sponji akavianika kwenye nyasi, nami nikapanda ndani kuchukua kijiko. Nilikuta sakafu tupu. Nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mwaka uliotangulia, jirani yetu mmoja Mkongo alipofiwa, nilienda na mama kwenye matanga. Sofa zilikuwa uani, na ndani wanawake wameketi chini kwenye magodoro, kwa maana kwetu mfiwa haketi juu. Mama mwenyewe ndiye aliyenieleza, akinisogeza nikae karibu na goti lake. Nikashuka. Mama Neema alikuwa akimenya viazi. Nikamuuliza, "Mama amekufa?" Kisu kikasimama. Alisema, "Nani amekuambia?"

Kisha akanivuta karibu na kunong'ona kwamba baba ndiye atakayetuambia, kwamba ameamua watoto wasione jeneza, na kwamba mimi ni msichana mkubwa, nisimwambie mdogo wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wahenga walivyosema. Hawakusema anayeficha kifo huumbuliwa na nini. Nikaenda kukaa kwenye jiwe kando ya maji. Furaha akaja na mfuko wake, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama mama ameshatoka hospitali. Nikamjibu kwa Kiswahili, "Karibu atatoka. Tutamkuta nyumbani." Hakuna aliyenilazimisha kuongeza yale maneno ya mwisho. Niliyaongeza mwenyewe, na yalitoka kwa urahisi, kwa sauti ileile ya baba.

Ijumaa yake, Mama Neema alisema ameitwa kazini, atachukua treni. Nikaona kitambaa cheusi cha kichwa kikichungulia kwenye mkoba wake. Nikamfuata mpaka barabarani, nikamshika mkono. Kwetu, baada ya mchungaji, watoto wa marehemu ndio hutupa udongo wa kwanza kaburini, na mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. "Nipeleke," nilimwambia. "Sitalia." Macho yake yalijaa. "Baba yako amesema hapana. Na ukienda wewe, Riziki, Furaha atabaki na nani?" Nikamwachia mkono. Mchana ule Baba Neema alitukodia mashua ya makasia. Furaha alicheka alipolowa. Nami nilicheka kidogo. Hilo sijamsamehe mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Tuliporudi, siku ya tisa, sofa zilikuwa ndani, lakini zimepangwa vingine, na nyumba ilinuka mapishi ya watu wengi. Furaha akapita chumba hadi chumba na mfuko wake akiita mama. Baba akaanza kusema. Furaha hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Ulijua," alisema, kwa Kiswahili.

Mwaka mmoja kabla baba hajafa, nilimuuliza kwa nini alituficha. Alisema alitaka siku ya mazishi ya mama tuikumbuke kwa maji na miti, isiwe kwa shimo. Alikuwa anasema kweli, naamini. Lakini aligawa msiba wake akanipa mimi fungu la uongo nilibebe, na mtoto hachagui fungu.

Alipofariki majira ya baridi yaliyopita, nilimpigia Furaha simu. Sasa anakaa Handsworth, mtaa usio mbali, ana mabinti wawili wanaoelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Kabla sijamsalimu alisema, "Sema. Usiniambie karibu." Nikasema, "Baba amekufa." Akasema asante, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kimevunjika. Saa moja baadaye alikuwa mlangoni na mabinti zake, akiwa ameshawaambia ndani ya basi. Akashika sofa upande mmoja, mimi mwingine, tukaitoa hadi uani. Siku ya mazishi tulitupa udongo wa kwanza mimi na yeye, kisha wale watoto. Mdogo aliniuliza bibi amelala wapi, nikamwonyesha, safu ya pili. Akachota udongo mwingine, akaenda kusimama pale na kiganja kimejaa, akitafuta pa kuutupa. Nyasi zilikuwa zimeota zamani.