Kifaru Kinachonukia Udi

Nyumbani kwa Mahfoudh bin Thabit, mtaa wa Azaiba, Maskati, hupati kahawa kabla hujaonyeshwa vifaru. Utakaribishwa vizuri, utaketishwa, utaulizwa hali yako na hali ya wa kwenu wote, halafu mwenye nyumba atakunyanyua tena akupeleke kwenye kabati la vioo lililojaa ukuta mzima wa majlisi, chumba chake cha wageni. Wenzake mahali kama pale huweka majambia ya babu zao na vikombe vya harusi. Yeye ameweka magari ya vita ya Uswidi. Yote ameyatengeneza mwenyewe, na la nchi nyingine hata moja hulioni.

Kuna kifaru kifupi cha miaka ya thelathini, chenye mabega kama ya mchukuzi wa bandarini. Kuna gari la deraya la CV90, mlango wake wa nyuma unafunguka na ndani wamo askari waliokaa wakitazamana. Kuna moja la ajabu, lenye viwiliwili viwili vilivyoungwa katikati, ambalo Waswidi wenyewe walilijaribu wakaliacha. Mahfoudh hakuliacha. Na katikati ya rafu kipo kipenzi chake, kifaru kirefu kama mkono toka kiwiko hadi ncha za vidole, bapa, kimelala chini kama kinachonyata. Hicho hakina kichwa. Jina lake la vitabuni ni Stridsvagn 103, na Mahfoudh hulitamka kwa kujiamini sana. Mswidi akimsikia sijui atasemaje.

Hadithi ya mapenzi hayo ni ya zamani. Mahfoudh alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazee wake ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Alipopata kazi ya ufundi kwenye gereji za jeshi, Kiarabu chake kilikuwa bado cha kubabaika, na wenzake walimcheka mpaka akawa anakula peke yake. Siku moja darasani mwalimu wao wa ufundi alileta jarida lenye picha ya kifaru cha Uswidi. Kifaru chochote unachokijua kina kile kichwa cha juu kinachozunguka na mzinga wake. Hiki hakikuwa nacho. Mzinga ulikuwa umechomekwa moja kwa moja kwenye mwili. Darasa zima lilicheka. Mmoja akasema Waswidi walikwishiwa na chuma.

Mahfoudh hakucheka. Aliitazama ile picha akaona kitu ambacho wenzake hawakukiona: kisichokuwa na kichwa hakina cha kuchomoza juu ya kilima kikapigwa. Mwalimu akaeleza yaliyobaki. Kifaru hiki kikitaka kulenga kulia kinageuka chote kulia. Kikitaka kulenga juu kinainua pua, kikitaka chini kinapiga magoti, kwa mafuta yanayosukumwa kwenye miguu ya magurudumu yake. Ndani wamo watu watatu, na wa tatu amekaa amewapa wenzake mgongo, ana usukani wake, ili mambo yakiharibika akirudishe nyuma kwa mbio zile zile kilizoendea. Nchi isiyokuwa kubwa, iliyokaa kando ya vita vya wakubwa, ilikaa ikafikiri kwa akili yake, ikatengeneza inachokihitaji. Kijana aliyekuwa akichekwa kila siku aliondoka darasani siku ile kifua mbele, kama kwamba Waswidi ni wajomba zake.

Miaka ikaenda. Akaoa, akazaa, akajifunza Kiarabu mpaka akawa yeye ndiye anayewasahihisha wengine, akapanda cheo, akastaafu kwa heshima. Baada ya kustaafu ndipo alipokianza kifaru chake kikubwa, kile cha katikati ya rafu, cha kutembea kweli. Bati la mwili alilikata kwenye makopo ya halua. Mabomba ya kuinulia pua ni sindano za duka la dawa, zisizo na ncha, zimejazwa mafuta. Magurudumu alichongewa na Cyprian, fundi wa Kitanzania mwenye gereji aliyokodi mtaa wa Ghala, ambaye alikuwa akimwambia, "Mzee wangu, hiki kikikamilika tukipeleke Kilimanjaro kikapande."

Mkewe, Rahila binti Shihab, aliyavumilia hayo yote kwa utani. Yeye ni mshonaji wa kofia, na kofia zake ukiziona unazijua: nyuzi zimekaa sawa, vitobo vimelingana, na ndani ni safi kama nje. Kila mtu na kazi yake, yeye chumba cha ndani na sindano yake, mume uani na bati lake. Kile kifaru alikiita mke mwenzake. Wageni wa kike wakiuliza mzee yuko wapi, Rahila alijibu kwamba leo ni zamu ya bibi mdogo.

Sasa kulikuwa na maonyesho. Kila mwaka wazee na vijana wanaotengeneza vigari na vindege vidogo hukusanyika kwenye ukumbi mmoja Ansab, Ijumaa baada ya alasiri. Mwaka huu kulikuwa na jambo zaidi. Ghassan, rafiki wa Mahfoudh tangu gereji za jeshi, mtu wa Unguja kama yeye na mdomo wake hauna breki, alikuwa amesema mbele za watu kwamba kifaru cha Uswidi ni pambo la kabatini tu. Kitu kisichoweza kugeuza shingo, alisema, hakiwezi kulenga. Mahfoudh akajibu mbele za watu hao hao kwamba atakileta ukumbini, kitajificha nyuma ya kilima cha mchanga, kitainuka, kitalipiga kopo la maziwa kwa punje ya dengu, na kitarudi nyuma kilikotoka. Alikuwa amekisemea kifaru hicho tangu ujana wake. Sasa kilitakiwa kijisemee chenyewe, na kikishindwa, maneno yake ya umri mzima yangekuwa kichekesho cha Maskati nzima.

Ijumaa ikafika. Mahfoudh alikwenda msikitini, kifaru akakiacha tayari juu ya meza. Rahila akabaki anaweka mambo sawa. Na hapa lazima mtu aielewe nyumba ile: hakuna kitu kinachotoka mlangoni kwa Rahila kwenda mbele za watu bila ya kufukizwa. Kanzu, shela, mtoto mchanga, hata sanduku la zawadi, vyote hupita kwenye moshi wa udi kwanza. Aliweka makaa kwenye chetezo, akaweka udi wa kuaminika, akafunika kwa lile tenga la kufukizia nguo, akatandaza juu yake dishdasha, kanzu ya mumewe ya kutokea. Halafu akakitazama kifaru. Kinakwenda kutazamwa na ukumbi mzima, na kinatoka kwake. Roho yake ikamwambia hata mke mwenza anastahiki heshima yake. Akaiondoa dishdasha, akakipandisha kifaru juu ya tenga, akaenda jikoni kutazama wali.

Mahfoudh aliporudi aliisikia harufu tangu mlangoni, akafurahi. Kisha akaona. Mwili wa bati ulikuwa mzima na vibao vya shaba vya minyororo yake ya kutembelea vilikuwa vizima, lakini ukanda wa plastiki uliokuwa umevishika vibao vya upande wa kushoto ulikuwa umelegea kwa joto, ukajikunja, na vibao vikadondoka kimoja kimoja kwenye mkeka. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni, na alijua akifungua mdomo wakati ule atatamka neno lisilorudi.

Rahila alitoka jikoni, akaona uso wa mumewe, akaona vibao chini, akaelewa.

"Baba Nawar, nimekuharibia," alisema.

Mahfoudh alikaa chini. Alimpigia simu Cyprian, simu imezimwa. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko Oman, na Cyprian huwa kanisani na kwaya yake mpaka jioni. Basi akamweleza mkewe, polepole, kama anayetangaza msiba. Kifaru chenye kichwa kikivunjika mnyororo bado kinaweza kugeuza kichwa na kupiga. Hiki hakina shingo. Mnyororo mmoja ukifa, na mzinga umekufa. Ndilo lile lile alilokuwa akilisema Ghassan, na leo litaonekana kuwa kweli.

Rahila aliuokota ule ukanda uliojikunja, akaupindapinda vidoleni.

"Huu kazi yake nini?"

"Kushika vibao na kupinda."

"Kushika na kupinda tu?"

"Basi."

"Lete ule mkanda wako wa jeshi."

Hilo lilimgusa Mahfoudh pabaya. Mkanda ule wa turubai alitoka nao kazini siku ya mwisho, na ulikuwa umetundikwa chumbani hata watoto hawaruhusiwi kuuchezea. Alimtazama mkewe. Mkewe hakuondoa macho. Akainuka, akaenda kuuleta, na yeye mwenyewe ndiye aliyeukata kwa mkasi.

Rahila alivaa miwani yake, akatia uzi wa kofia kwenye sindano, ule uliopakwa nta, na akaanza. Mume alikuwa akipanga vibao na kuvishika, mke akivishonea kwenye ukanda kimoja baada ya kimoja, mshono wa kwenda na kurudi, ule anaozungushia ukingo wa kofia ili usifumuke hata ukifuliwa. Wali ulipoa. Jirani aligonga mlango akakata tamaa. Katikati ya kazi Mahfoudh aligundua kwamba katika maisha yao yote hawajawahi kukaa mkeka mmoja kwa kazi moja, na ile hasira aliyoingia nayo hakuiona tena ilikokwenda. Aliona haya kidogo kwa kuchelewa kulijua jambo hilo. Alivitazama vidole vya mkewe, akaona ni vidole vya fundi.

Ukumbini Ansab watu walikuwa wamejaa. Wanaume wameizunguka meza ya mchanga, wanawake wamekaa upande wa nyuma kwenye viti, Rahila miongoni mwao, mikono imekazana mapajani. Kifaru kilipowekwa mchangani, harufu ya udi ikaenea meza nzima.

"Yakhe," alisema Ghassan, "hiki kinakwenda vitani au kinakwenda kuposa?"

Watu wakacheka, na Mahfoudh akacheka nao. Akakishika kidude cha kuongozea. Kifaru kikatembea mpaka nyuma ya kilima, kikatulia. Akakiamrisha kigeuke, kikageuka, lakini kikapitiliza, maana ukanda wa turubai ulikuwa mgumu kuliko mwenzake wa plastiki na upande wa kushoto ulikuwa ukivuta. Kikainua pua. Dengu ikaruka, ikapita pembeni ya kopo, ikaanguka sakafuni.

Ghassan alifungua mdomo, kisha akaufunga, na pengine huo ndio urafiki. Mahfoudh alipangusa mikono kwenye dishdasha. Alifikiri jinsi mkewe anavyofanya uzi ukimvutia kofia upande mmoja: huwa hashindani nao, huanzia upande wa pili. Akakirudisha kifaru nyuma, akakileta tena kwa mkono wa kulia, akauacha ule mvuto wa kushoto ukimalize wenyewe kile kipande kilichobaki. Kikakaa sawasawa. Kikapiga magoti kidogo, kikainua pua taratibu mpaka mzinga ukachungulia juu ya mchanga, na mzinga tu. Dengu ikaruka. Kopo likalia, likaanguka. Na kabla watu hawajamaliza kugeuka kulitazama, kifaru kilikuwa kimeshateremsha pua na kurudi kinyumenyume mpaka pale kilipoanzia, bila ya kugeuka, kama Waswidi walivyokusudia.

Makofi yalipigwa. Mahfoudh alisimama kifua mbele, yule yule kijana aliyetoka darasani zamani. Ghassan alikuja, akakiinua kifaru kwa mikono miwili, akakipindua. Aliutazama mnyororo wa kushoto kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Huu nani kaushona?" aliuliza. "Haya si mambo yako. Weye kifungo tu kinakushinda."

Watu walisogea wasikie. Wanaume wa rika lile hawamtaji mke hadharani kwa jina. Wangesema watu wa nyumbani, au mama watoto, na mazungumzo yangeendelea. Mahfoudh mwenyewe miaka yote alikuwa akisema Mama Nawar.

"Kaushona mke wangu," alisema. "Rahila binti Shihab." Kisha akalirudia kwa Kiarabu, kwa sauti, ili wasiojua Kiswahili nao walisikie, na asibaki wa kudhani ameteleza ulimi.

Kule nyuma Rahila aliinamisha uso. Jina lake zima, lenye baba yake ndani, hakulisikia kinywani mwa mumewe mbele za wanaume tangu siku ya ndoa, alipokuwa amekaa chumba cha pili nyuma ya mlango, akimsikia kijana mmoja wa gereji za jeshi akisema amekubali kumuoa. Macho yalimjaa machozi na hakuyaficha. Mwanamke aliyekaa naye akamuuliza kama kile kifaru ni cha mumewe.

"Ni chetu," alisema Rahila.

Garini, walipokuwa wakirudi Azaiba, alimwambia Mahfoudh kwamba safari nyingine atakifukiza kwa mbali. Mahfoudh akasema haidhuru, sasa kimezoea.

Kifaru kimerudi rafu ya katikati, na ukifungua kioo udi bado unakupiga puani. Mgeni akija, kahawa bado inamngoja mpaka aonyeshwe. Ila hadithi haianzi tena na kile kichwa ambacho hakipo. Mahfoudh hukipindua kwanza kifaru, akamwonyesha mgeni mshono wa mnyororo wa kushoto, na kumtaja aliyeushona kwa jina lake na la baba yake.