Jicho Lililoonekana Zima Kila Asubuhi

Watu wa Gatongora wakitaka kumsema Ndinda, wanasema ana mdomo. Ni kweli anao. Mimi Beth ndiye nakaa pale mapokezi kwenye kliniki yake ya macho, na mdomo huo nausikia kutoka tunapofungua mpaka tunapofunga. "Nani alikuambia uweke majani ya chai kwa jicho? Jicho ni kikombe?" Hiyo ndiyo salamu yake. Ni Mkamba wa huko Ngoliba kama mimi, na marehemu mzee Nzuki, baba yake, alitaka awe mwalimu. Yeye akasomea macho. Sasa watu wanatoka mpaka Mwiki, wanapita kliniki zingine zote njiani, wanakuja kugombezwa hapa kwetu.

Wanakuja kwa sababu Ndinda hapapasi. Kuna mtunza bustani mmoja wa upande wa Chania aliyefika hapa mboni ya jicho moja imepanuka, ile nyingine iko kawaida. Mahali fulani walikuwa wamemwambia labda ni uvimbe kichwani, na jamaa alikuwa ameshaanza kuaga watu. Ndinda akamtazama macho, kisha akamtazama kucha. "Umekata maua gani wiki hii?" Yalikuwa yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta. Utomvu ulikuwa mkononi, mkono ukaenda kwa jicho. Ndinda akamweka tone la dawa ya kubana mboni, mboni ikakataa kubanwa, na hapo akajua ni utomvu. Akamwambia aende nyumbani anawe mikono na asubiri. Baada ya siku chache jicho likarudi sawa, na jamaa akatuletea ndizi.

Lakini huyo alikuwa rahisi. Aliyetusumbua ni Benta, mama Bridget.

Benta ni mke wa Barasa, watu wa Busia, na anashona nguo kwenye kiwanda kimoja hapa Ruiru. Kila siku mchana ukianza kuisha, kope la jicho lake la kushoto lilikuwa linashuka. Linashuka tu, hata akilivuta. Uzi mmoja anauona mbili, sindano moja anaiona mbili. Supavaisa wake, Gachau, akipita nyuma yake anaona mama ameinama, jicho limefunga, mashine imesimama. Alimwonya, akamwonya tena, na mara ya mwisho akamwambia mbele ya wenzake, "Mama, nikikupata umelala tena kwa mashine, utalala kwenu." Wenzake wakacheka. Kiwandani wakaanza kumwita Godoro.

Sasa sikiliza shida ilikuwa wapi. Sisi huku mtu akiugua, anaamka alfajiri akachukue namba. Ukifika saa nne hospitali unaonekana hujui maisha. Benta naye ni mtu wa bidii, kila mahali alikuwa wa kwanza kwa foleni. Na asubuhi, baada ya kulala usiku mzima, lile jicho lilikuwa zima kabisa! Daktari wa kwanza akasema ni uchovu. Wa pili akampa miwani. Jumapili ibada ya asubuhi akaombewa, jicho likaonekana liko wazi, akasimamishwa atoe ushuhuda na kanisa likapiga vigelegele. Jumatatu jioni kope hilo hapo chini. Ikabidi watu waseme hana imani. Woi, mama wa watu! Mimi aliponihadithia nilitaka kuvua kiatu nimtafute mtu.

Kwetu pia alifika alfajiri, nikampata amesimama kwa mlango. Akatueleza hayo yote, Ndinda akampima, hakuona kitu. Nilimwona Benta akishika mkoba, kwa sababu sentensi iliyokuwa inafuata alikuwa anaijua.

Ndinda hakuisema. Aliuliza, "Hili jicho huanguka saa ngapi?"

"Jioni, daktari. Mchana linaanza, jioni ndiyo linakataa kabisa."

"Na hao wote walikuona saa ngapi?"

"Asubuhi. Si ndiyo saa ya hospitali?"

Ndinda akapiga meza mpaka nikaruka. "Haiya! Watu wanatafuta mwizi wa usiku saa sita ya mchana! Mama Bridget, kesho usije asubuhi. Enda kazi, shona vile unashonaga, usipumzike, ukitoka uje moja kwa moja. Na huyo supavaisa mje na yeye."

"Gachau? Hawezi kuja."

"Mwambie daktari anataka kumwonyesha vile unamdanganya."

Kwa hiyo akaja, tena mbio. Hakuja kwa huruma. Alikuja kuona uongo ukishikwa. Benta aliingia mbele yake, kidole kimoja kimeinua kope ili aone njia, na mimi nilimsalimia Gachau kwa meno tu.

Ndinda akamkalisha Benta, akamwambia aangalie juu kwenye dari bila kushusha macho. Kope la kushoto likashuka, likashuka, likafunika mboni yote. Jicho la kulia nalo likaanza kulegea.

"Unaona?" Gachau akasema. "Hivyo ndivyo analala."

"Nyamaza, Bwana Gachau," Ndinda akamwambia, kwa upole ambao sijawahi kupewa mimi. Akanigeukia. "Beth, barafu."

Barafu tunatoa wapi? Nikakimbia kwa Oluoch wa samaki hapo jirani, akanivunjia vipande kutoka kwa friza yake. Ndinda akavijaza kwenye glavu, akaifunga fundo, akaiweka juu ya lile kope. Chumba chote kikanuka samaki wa mbuta. Tukangoja dakika mbili nzima, na mimi moyoni naomba, kwa sababu kama kope lingekataa, kazi ya huyu mama ilikuwa imeisha hapo hapo.

Akaondoa glavu. Kope likainuka. Likainuka lote, jicho likatutazama.

"Ngai!" Gachau akarudi nyuma.

"Mtu amelala huwa anaamshwa na barafu ya kope moja?" Ndinda akamuuliza. "Hii ni misuli inachoka. Mwili wake wenyewe unazuia ujumbe wa neva usifike kwa msuli. Akipumzika ujumbe unarudi, kukiwa na baridi unarudi. Akifanya kazi unaisha." Kisha akamuuliza Benta kama chakula humkwama au chai humpalia. Benta akasema, jioni, ndiyo. Hapo Ndinda akaacha mzaha, akashika simu kutafuta hospitali kubwa usiku huo huo, maana ugonjwa huu ukishuka kooni na kifuani hauchezi na mtu.

Msikae roho juu, nawaambia mapema: walimpiga picha ya kifua, wakapata tezi moja imevimba nyuma ya mfupa wa kifua, ndiyo ilikuwa inachochea haya yote. Ikatolewa. Leo Benta anameza vidonge vyake na anashona mpaka jioni.

Lakini jioni ile hakuna aliyejua hayo. Gachau alisimama pale anazungusha kofia mikononi. "Mama Bridget," akasema, "pole. Kazi yako iko, nenda tu utibiwe. Mimi nitaongea na ofisi."

Benta akanigeukia mimi. Aliniomba kioo. Nikampa kile kidogo cha kwangu, akajiangalia muda mrefu, na machozi yakaanza kutoka kwenye macho yote mawili.

"Basi sikuwa nalala," akasema. "Wamenisema mpaka na mimi nikaamini nalala."

Gachau akakaa kwenye benchi la wagonjwa.