Besi ya Nyuma ya Shuka

Shaban alimchapa mume wangu kwa waya wa spika mbele ya watu wanaocheza, na muziki haukusimama. Nilikuwa mlangoni pa ukumbi na beseni langu la maandazi. Ilikuwa Desemba ya mwaka sabini na tatu, siku ya sherehe za Uhuru, na Isevya Jazi walikuwa kwenye wimbo wa pili. Mabruki alipotea kwenye besi, wimbo ukayumba. Shaban akachukua waya, akaukunja, akamshushia shingoni mara mbili. Mabruki aliendelea kupiga huku damu ikiingia kwenye kola ya sare, na watu wakaendelea kucheza.

"Saba Saba ikifika hujajua kupiga besi, nitakuvunja vidole kimoja kimoja," Shaban alisema kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Na besi nitampa mwenye akili."

Hakuwa anatania. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi na mpiga solo, na mpiga tumba wake alikosa meno mawili ya mbele kwa sababu ya kuchelewa mazoezi siku moja.

Mimi naitwa Swaumu. Nilizaliwa katikati ya mfungo, na marehemu mama alikuwa akisema nilitoka na hasira za watu wote waliokuwa na njaa siku ile. Nimewahi kumpiga kofi karani wa soko. Nimewahi kumpasua wifi yangu kichwa kwa kata ya maji, na hadi leo tukikutana msibani ananipisha njia. Mume wangu Mabruki alikuwa kinyume changu: fundi baiskeli, mpole, mpole wa kuudhi. Nilipokuwa namkanda shingo kwa maji ya chumvi nilimwuliza kwa nini hakurudisha hata ngumi moja.

"Mama Zamda," akasema, "mikono yangu ilikuwa na kazi."

Mabruki alitaka kitu kimoja tu duniani, kuipiga besi ile hadi iseme. Mimi na mwanetu Zamda tulikuwa wa pili, nalijua hilo na nilishalizoea. Ila mtaa wetu wote wa Isevya hakukuwa na wa kumfundisha. Aliyekuwa akiipiga kabla yake alikimbia kipigo, akaacha besi bila kuacha ujuzi.

Februari likaja gari la sinema. Vijana wa sasa hamlijui: Landrova, jenereta, mashine ya kurushia picha, na shuka jeupe lililofungwa kati ya nguzo mbili. Picha ilionekana pande zote mbili za shuka. Mbele walikaa wakubwa na waliowahi. Nyuma tulikaa wanawake wenye watoto wachanga na wote waliochelewa. Sisi wa nyuma tulishazoea mambo yetu. Bwana shamba wetu wa kwenye picha alipanda tumbaku kwa mkono wa kushoto, na kwenye mpira wachezaji wote walikuwa mashoto, wala hatukumwuliza mtu. Picha ni picha.

Mabruki alikaa nyuma kwa sababu yangu. Zamda alikuwa analia, nikamwita aje amshike. Basi kama kuna wa kulaumiwa, nianze mimi.

Baada ya filamu ya kuchimba choo, yule mwenye mashine, mtu mzima wa Nzega aliyeitwa Anton, alijaza muda kwa mkanda mfupi uliokuja kwenye sanduku la zawadi kutoka ng'ambo. Alikuwemo Mmarekani mweusi, mnene, amepakata gitaa la besi. Alisema Kiingereza, akapiga taratibu, kisha picha ikasogea hadi vidole vyake vikajaa shuka zima, kila kimoja kama ndizi mzuzu. Alikuwa anafundisha. Hilo hata mimi niliyekuwa sijui yes wala no nililiona: anapiga, anasimama, anakutazama, anarudia. Na alipoacha kufundisha akapiga kwa raha yake, uwanja mzima wa Isevya ulinyamaza, na Zamda akanyamaza.

Mabruki alinishika goti hadi likauma. "Umeona? Anabana nyuzi kwa kulia, anapiga kwa kushoto. Kumbe ndiyo siri yao."

Alikuwa amesoma chuoni tu, msahafu na herufi za Kiarabu. Maandishi ya kizungu yalipopita kwenye shuka yamegeuka, kwake yalikuwa sawa na siku zote. Tulirudi nyumbani, akaigeuza besi, akafungua nyuzi zote, akazifunga upya kinyumenyume. Wa chini ukawa wa juu.

Tangu hapo akawa anaifuata Landrova. Anton alizungukia vijiji vipya, maana ndio mwaka wa operesheni, watu wanahamishwa kutoka maporini na kupangwa kwenye mistari. Mabruki alipanda baiskeli hadi Kigwa, akaenda na kwingine, kwa barabara ileile ambayo babu yake mzaa baba aliipita amebeba pembe za ndovu begani na mjeledi mgongoni. Babu alifukuzwa na mjeledi, yeye alifukuzia vidole. Na kila alikokwenda alikaa nyuma ya shuka, kwa sababu mbele mgambo waliuliza barua ya balozi wa nyumba kumi, na yeye barua hakuwa nayo.

Akirudi, kabla hajala, alikuwa ananikalisha kwenye kigoda. Alichonga ubao wenye umbo la besi, akaufunga waya nne za breki. Ananipakatisha, ananipanga vidole. "Weka hapa. Sasa hapa. Ruka huu." Muziki hakujua kuuandika, basi mimi ndiye niliyekuwa daftari lake. Na mimi kusahau sijui, hasa mambo mabaya, lakini na mazuri yakiingia hayatoki.

Kufika Aprili besi ilianza kusema. Watu walikuwa wanasimama nje ya ukumbi siku za mazoezi. Shaban alimpiga tena, safari hii kwa kiti. Alisema mkono wa kushoto ni wa chooni na anatia bendi najisi, na kwamba shingo ya besi inagongana na gitaa lake. Uongo mtupu. Alimpiga kwa sababu aliona ameanza kujua.

Mei, Mabruki akaenda mbali, kijiji kipya ng'ambo ya Ipole. Nitakayosema hapa alinihadithia Anton mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu, shati lake limekauka damu isiyokuwa yake.

Watu wa kijiji kile walikuwa wamehamishwa siku nne tu zilizopita. Nyumba zao za zamani zilitiwa moto ili wasirudi, na moto ule ukapanda miti, ukala mizinga ya nyuki. Mzee mmoja wa pale, Kashindye, peke yake alipoteza mizinga mia na kitu. Walikalishwa mbele ya shuka kwa marungu, waangalie sinema wafurahi. Hakuna aliyekuwa anafurahi.

Anton alimwona Mabruki anaelekea nyuma kama kawaida yake.

"Shikamoo bwana Anton," Mabruki alimwamkia.

"Marahaba. Wewe kila siku nyuma, nyuma. Leo kaa hapa na mimi."

Akamkalisha kwenye sanduku la chuma la mikanda, kando ya mashine. Anton akawasha. Yule Mmarekani akatokea, na mikono yake imehama. Wa kushoto unabana, wa kulia unapiga. Mabruki akasema, "Amegeuka." Anton akacheka, akamwambia, "Hajageuka, bwana. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma."

Miezi mitatu ya mazoezi. Besi iliyofungwa kinyumenyume, ngozi ya vidole iliyochunika, kipigo cha kiti. Mabruki alisimama, kivuli chake kikaziba picha yote. Mgambo mmoja akamwambia akae. Hakusikia. Akaambiwa tena, hakusikia, alikuwa anatazama vidole. Akainama kusogelea picha, akaegemeza mkono wa kulia kwenye lile sanduku la chuma ajishikize, na rungu likashuka juu ya mkono.

Anton alisema ukelele wa Mabruki ulizidi jenereta. Na kana kwamba ndio walichokuwa wanakisubiri, kijiji kizima kikasimama. Mzee Kashindye alitoa shoka chini ya nguo, akamkata mgambo wa karibu begani. Marungu yakashuka, mawe yakapanda. Mwanamke mmoja alimpiga mgambo kwa mtungi hadi mtungi ukawa vipande, akaendelea na vipande. Shuka likachanwa, likawashwa, mikanda yote ikatupwa humo: choo, tumbaku, Mmarekani. Kashindye alivunjwa mgongo. Sikusikia kwamba alisimama tena. Anton alimburuta Mabruki hadi kwenye Landrova akaondoa gari watu wakiwa bado wanauana.

Hospitali walimkata vidole viwili vya kulia, cha kati na cha pete. Cha mwisho kilibaki lakini kimekauka. Kwa kulia kubana nyuzi tena haiwezekani.

Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, Shaban akaja. Hakusema pole. Alisema, "Nimefuata besi."

Nilikuwa natwanga kisamvu. Mabruki alikuwa ameshaanza kuinuka ampe, Wallahi, alikuwa anakwenda kuileta. Nikautoa mchi kwenye kinu nikampiga nao Shaban bega. Akageuka, nikampiga mkono alioutanguliza, na nikausikia mfupa. Alipoanguka nilimpiga tena, kwa ajili ya waya, na tena, kwa ajili ya kiti. Nilifurahi. Mimi mzee sasa, sina haja ya kusema uongo. Nilifurahi hadi majirani wakanishika.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Selemani, akatukalisha barazani kwake. Akasikiliza pande zote. Kisha akamwuliza Shaban, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, "Ulimpa muda hadi lini?"

"Saba Saba."

"Ulisema mbele za watu?"

"Nilisema, mzee."

"Basi ni Saba Saba. Akishindwa, besi yako, na huyu mwanamke atakuja kukupigia magoti mbele ya bendi yako."

Tukatoka. Mabruki alikaa kitandani, akasema filamu imeungua, na hata isingeungua, alichojifunza ni cha mkono uliokatwa. Alilia. Sikuwahi kumwona analia, hata kwa waya.

Nikachukua ule ubao, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikaupakata kama alivyonifundisha, kinyumenyume, kama Mmarekani wa nyuma ya shuka. "Tazama," nikamwambia. "Mkono wangu wa kulia uko mbele ya wako wa kushoto. Ninachobana mimi, bana wewe. Kupiga utapiga kwa gumba na hicho cha shahada, vinatosha."

 Kisha akaifungua besi, akarudisha nyuzi zilivyokuwa mwanzo.

Tulikaa hivyo wiki sita, magoti yakigusana, mimi kioo chake. Akikosea, nafoka. Akikosea tena, namsonya. Siku moja alikosea palepale mara ya tano, na mwiko ulikuwa karibu, nikampiga nao kwenye visiki vya vidole. Damu ikatoka kwenye mshono. Hakunirudishia. Alisubiri tu niendelee, kama alivyosubiri ukumbini siku ile, na nikauona waya wa Shaban mkononi mwangu. Niliuvunja mwiko ule gotini. Nikamwomba radhi, neno ambalo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu aliye hai.

Saba Saba ukumbi ulijaa hadi madirishani. Shaban alikuwa amepona kiasi, akasimama na gitaa lake ananitazama, na wenzake walikuwa wamenitandikia gunia mahali pa kupigia magoti. Mabruki akapanda jukwaani. Akatafuta uso wangu. Nilijua, na nilikuwa nimeogopa jambo hilo wiki nzima: bila kuniona hawezi.

Nikaweka beseni langu chini. Nikapita katikati ya watu hadi mbele kabisa, nikajifunga kanga vizuri, nikainua mikono hewani, ubao hakuna, besi hakuna, nikaanza kubana na kupiga upepo. Watu walicheka. Mwanamume mmoja aliniita mwendawazimu, na mkono haukwenda kwake, ulikuwa na kazi.

Besi ikaingia. Wimbo wa kwanza ukasimama imara, watu wakaacha kunicheka wakaanza kucheza. Wa pili nikamsikia anafanya jambo ambalo yule Mmarekani alilifanya mwishoni, alipokuwa anapiga kwa raha yake, jambo ambalo mimi sikuwahi kufundishwa. Shaban naye alilisikia, akageuza shingo.

Wimbo wa tatu nilimtazama Mabruki nikaona amefumba macho.

Niliendelea kidogo, labda atafumbua. Hakufumbua, na besi haikukosea. Nikashusha mikono, nikabaki nayo pale mbele za watu, na sikujua pa kuiweka.