Wageni wa Lindi Hawakuhama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Salu Machibya amepiga magoti juu ya ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa tangu jana. Anaivuta kwa mikono miwili, anaikandamiza kwa goti, kisha anapigilia kigingi cha mti ubavuni mwa ngoma. Anaigonga kwa kidole. Anakunja uso. Bado imelegea.

"Vuta, ngosha, vuta! Au niwaite wa upande wa baba yangu wakusaidie?" mkewe, Kwandu, anamtania huku akipepeta mtama.

"Wagika wanajua nini habari ya ngozi?" Salu anamjibu bila kuinua kichwa.

Salu ana miaka hamsini na mmoja. Analima pamba katika kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Bariadi, na ndiye fundi wa kuwamba ngoma na mpigaji mkuu wa kikundi cha kijiji. Wacheza ngoma wa Usukuma wana pande mbili zinazoshindana tangu enzi za mababu: Wagalu na Wagika. Salu ni Mgalu. Kwandu ni binti wa Mgika. Wameoana miaka ishirini na saba, wamezaa watoto saba, na ubishi wao haujapumzika hata siku moja.

Ngoma hii ni ya kwanza kuiwamba katika miezi kumi na moja.

Pamba ikishavunwa, pande hizo mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kikundi kona yake. Jaji hakuna. Watazamaji husimama katikati, na wanaovutiwa huhamia upande ule. Jua likizama, mwenye watu wengi ameshinda.

"Mtu akikupenda, anakuja," anasema Salu. "Asipokupenda, unauona mgongo wake. Basi."

Agosti mwaka jana, 1974, kikundi chake kilichaguliwa kwenda Lindi kuburudisha wageni waliokuja kuutazama mji ule wa kale. Walipanda lori mpaka stesheni ya Malampaka, wakashika treni mpaka Dar es Salaam, wakamalizia kwa meli. Siku sita njiani, na wawili walitapika tangu bandarini. Mshahara haukuwepo, ila chakula na pa kulala.

Uwanjani, wageni walikuwa wamepangwa kwenye viti, safu kwa safu. Wachezaji wa kusini walikuwa ng'ambo, wakisubiri zamu.

Salu akapiga. Majembe wanayochezea yakarushwa juu, yakadakwa. Hakuna aliyenyanyuka. Akapiga kwa nguvu zaidi mpaka vidole vikachubuka. Watu wamekaa tu, mikono mapajani. Katikati ya wimbo akaisimamisha ngoma, na wachezaji kumi na wanne wakabaki wameyashika majembe, hawajui pa kuyapeleka.

Ndipo makofi yakalipuka.

"Makofi!" anasema Salu. "Mimi kwa makofi nafukuza ndege kwenye mtama. Nikajua tunaambiwa tuondoke."

Maftaha, mpishi wa bweni walikofikia, alimkuta anafunga mzigo.

"Kaka, unakwenda wapi? Mji mzima unawasifu."

"Kama wanatusifu, mbona hawakuja upande wetu?"

"Waje wapi, na wameambiwa wakae?"

Salu hakumwamini. Alidhani anamfariji kwa kuwa ni mgeni. Aliporudi nyumbani hakugusa ngoma tena, na kikundi kikafa pamoja naye.

"Niliolewa na mtu wa kelele," anasema Kwandu. "Mwaka mzima nimeishi na mtungi."

Wiki mbili zilizopita, ofisa utamaduni, Bwana Constantine, alifika kwa baiskeli. Lindi inawataka tena. Wageni wameulizia kikundi cha majembe. Wasipokwenda, nafasi itapewa kijiji kingine. Salu akakataa palepale.

Constantine alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli Kwandu alipoweka chini ungo wake.

"Baba Kulwa, mwaka jana sisi tuliambiwa tuhame tuje kijiji hiki cha ujamaa. Tulifanyaje?"

"Tulihama."

"Na milango tukaing'oa, tukaibeba. Wale wa Lindi waliambiwa wakae. Wakafanyaje?"

Salu akacheka, kicheko ambacho Kwandu anasema alikuwa amekisahau, akaenda kutafuta ngozi.

Jambo la kwanza alilomwomba Constantine ni viti viondolewe. Jibu limerudi juzi: viti haviondoki, ndivyo wageni wanavyopokewa. Salu hakubishana. Amepanga kwamba wimbo wa mwisho ukifika, atajitundika ngoma begani, na wote na majembe yao waingie wapite kati ya safu za viti.

"Kama wao hawaruhusiwi kuhama," anasema, "tutahama sisi."

Safari hii Kwandu naye yumo kwenye orodha, kama mpishi wa kikundi. Katika miaka ishirini na saba ya mashindano hajawahi, hata mara moja, kuhamia upande wa mumewe.

"Na Lindi sihami," anaonya. "Nitatafuta kiti nikae kama wageni."

Salu anaigonga ngoma. Inaitika.

"Kaa, mayu, mama Kulwa," anasema. "Nitakuja mpaka hapo ulipo."