Wigi Lililotekwa Msibani

"Mtani anateka, halafu anakaa kusubiri mateka akombolewe! Nani alikwambia mtani anakata? Nani, Nakunda?"

"Mbona aliyekata ni wewe, da Mboni? Mimi hata mkasi sijaugusa."

Lo! Mboni akauinua ule mkasi kama anayetaka kuchinja jogoo, kisha akaushusha. Maneno yalikuwa ya kweli, na mtu mwenye hasira hakuna kinachomchoma kama neno la kweli. Mbele yake, juu ya kichwa cha plastiki, lilikaa wigi la nywele za binadamu. Upande wa kulia lilikuwa bado refu la kufika kiunoni. Upande wa kushoto lilishakatwa leya, fupi shavuni, ndefu begani, nywele zimelaliana kama makuti kwenye paa jipya. Kazi safi kabisa. Ndiyo maana alitaka kulia.

Hasira za Mboni Kariakoo nzima inazijua. Mtoto wa Kilwa Kivinje huyu, aliletwa mjini na shangazi yake akiwa hana meno ya mbele, akajifunza kusuka kwa kusuka makumbi ya nazi mpaka makumbi yakaota mba. Mume wake wa pili alithubutu kusema chumvi imezidi. Akatazamwa mara moja tu, akatoka na sahani yake mkononi, na mpaka leo yuko Tandika anatafuta pa kuiweka. Hata pasi ya nywele pale saluni, Mboni akikasirika, inafuka moshi kabla haijachomekwa kwenye umeme. Wateja wameona, waulizwe.

Lakini leya zake! Wanawake wanatoka Mbagala, wanatoka Tegeta, wanapanga foleni nje ya pazia lake, Mtaa wa Sikukuu, kwa ajili ya leya. Maana leya ya Mboni ni kichwa kimoja chenye sura nyingi. Ijumaa unaibana nyuma chini ya mtandio, Jumamosi unaiachia sherehe ikuone, Jumapili unaikusanya juu unaenda kanisani, Jumatatu unaisukumia upande mmoja unamsikiliza mteja anavyokulilia bei. Na pepo za Mnazi Mmoja zikiivuruga, unatikisa kichwa mara moja, inarudi yenyewe mahali pake kama ng'ombe anayejua zizi.

Sasa asubuhi hiyo Nakunda, Mpare anayeuza mashuka Mtaa wa Kongo, aliingia akamwaga wigi juu ya meza. "Nikatie leya, da Mboni, na mimi niwe mtu." Wateja walikuwa wamejaa, na Mboni akakivisha kile kichwa cha plastiki wigi hilo bila kuligeuza ndani. Kosa lilikuwa hapo. Miaka yote anawaimbia wasichana wake: samaki hanunuliwi bila kufunuliwa shavu, na wigi halikatwi bila kutazamwa ndani. Yeye mwenyewe akakata upande mzima. Wateja walipopungua, wigi likateleza, akaligeuza ili alibane upya, akauona uzi mwekundu. Na kitambaa laini cha fulana, kimeshonwa kuzunguka ndani yote. Mshono wa mkono wake mwenyewe.

"Hili ni la Severa muuza vitenge," alisema. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu Nakunda alicheka.

"Ndiyo la Severa! Nimeliteka msibani kwao Ilala, baba yake mdogo alipofariki. Lilikuwa limefuliwa, limeanikwa kwenye kamba katikati ya kanga. Sisi si watani wao? Wachagga wakifiwa, Wapare tuna kazi. Tumelizuia sufuria la wali, mwenzetu akavaa koti la marehemu akadai urithi, na mimi nikachukua wigi. Nikatangaza: mateka! Mwenyewe akilitaka alete kreti la soda. Watu waliokuwa wanalia wakavunjika mbavu. Severa alicheka kuliko wote, da Mboni, amekishika kilemba chake kwa mikono miwili."

Kwa mikono miwili. Mboni aliuweka mkasi mezani.

Maana maradhi ya mwaka juzi yalimnyonyoa Severa kama kuku wa maji moto, na nywele hazikurudi. Mumewe hajui vizuri, dada zake hawajui kabisa. Anajua Mboni peke yake, aliyekishona kile kitambaa ili wigi lisimkwangue kichwa kitupu. Na pale kwa Mboni kuna sheria moja tu: kilichoonekana chini ya kilemba hakivuki pazia.

"Halafu hajaja!" Nakunda akaendelea. "Duka lake la vitenge amefunga, simu hapokei, eti kwa ajili ya kreti moja la soda! Ubahili gani huo? Nikasema basi, mateka asiyekombolewa anakuwa wa nyumbani."

Amefunga duka! Mboni alijua kwa nini, na asingeweza kusema. Maneno yakamjaa mdomoni kama chai ya moto, hayamezeki, hayatemeki.

"Wigi halioti, mwanamke wewe! Nywele ya kichwani ukiikosea unaiomba radhi, mwezi ukiandama inarudi. Hii hairudi mpaka Kiyama!"

"Sasa unanifokea nini? Mtani hakasirikiwi, ndiyo mila."

"Hiyo mila yenu na Wachagga! Mimi mtu wa Kilwa, mimi si mtani wako, nakasirika mpaka nitosheke!"

Akalinyoosha wigi juu ya kichwa cha plastiki, akalibana kwa nguvu hadi kile kichwa, wallahi, kikakunja uso. Upande mmoja umekatwa, wa pili hauna budi kufuata. Lakini sasa hakuwa anamkatia Nakunda. Alichukua fungu dogo la nywele kati ya vidole, akalivuta wima, akaingiza ncha ya mkasi kwa chini, tik, tik, wala hakukata mkato mmoja wa kukingama kama msumeno, wafanyavyo wengine. Akashusha, akachana, akachukua jingine. Mbele aliacha pazia zito la kufunika paji. Kwenye masikio aliacha nywele ndefu zinazolala shavuni hata mtu akibana nyuma. Uso wa Severa aliujua kwa vidole.

"Da Mboni, hapo mbele mbona unaacha zito hivyo?"

"Kaa kimya."

"Na kwenye masikio? Mimi nataka paji langu lionekane, Mungu kanipa paji zuri. Unanifunika kwani mimi nina upara?"

Mkasi ukasimama. Haukusimama kwa muda mrefu, lakini ulisimama, na Nakunda si mjinga, ana mdomo tu. Akainama, akainua ukingo wa wigi kwa kidole.

"Hiki kitambaa cha nini?"

"Joto."

"Joto? Mtu anaongeza kitambaa kwa sababu ya joto?"

"Nimesema joto! Unataka nikuitie fundi cherehani akueleze?"

Nakunda hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kitambaa, kimechakaa katikati, pale ambapo nywele za mtu zingekuwa zimekilinda.

"Da Mboni. Siku ile alivyokishika kilemba... Kwani Severa ana—"

"Hodi humu ndani!"

Pazia likafunuliwa. Severa aliingia, kilemba amekifunga hadi kwenye nyusi, jasho linamtiririka, na nyuma yake mpagazi ameinama na kreti la soda begani, chupa zinagongana.

"Yuko wapi huyo Mpare mwizi? Wamesema yuko huku. Nimeleta fidia, mnywe mpaka mpasuke!" Sauti ilikuwa ya utani. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya kilemba.

Na Nakunda, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata na usingizi, akaufunga.