Siku Mke Wangu Alipokataa Kusema "Pita"

Kabla sijafika kwenye safari yenyewe, nieleze kwanza gari, maana bila kulielewa gari utaniona mimi mjinga, na mimi mjinga ni nusu tu.

Kagari kangu ni kadogo, ka milango mitano ukihesabu na ule wa nyuma unaofunguka juu kama mdomo. Kalitoka Japani kwa meli, kakashushwa Dar es Salaam, kakapandishwa juu ya lori kukatisha Zambia, kakafika Likasi kakiwa na usukani upande wa kulia. Kwao Japani wanapita kushoto, kwa hiyo dereva akikaa kulia yuko karibu na katikati ya njia, anaona mbele vizuri. Sisi Kongo tunapita kulia. Basi dereva wa gari kama langu anakaa kandokando kabisa, karibu na mfereji na mbuzi. Mbuzi nawaona vizuri sana. Lakini ukiwa nyuma ya kamiyo, lori la kubeba shaba, na unataka kulipita, huoni kitu isipokuwa makalio ya kamiyo. Anayeona ni mtu wa kushoto. Na kushoto, tangu siku ya kwanza, anakaa mke wangu. Yeye anasema "bado", yeye anasema "pita". Mimi nakanyaga tu.

Shule niliacha darasa la nne, lakini hilo nililielewa mapema.

Watu wa mtaa walikacheka kagari. Jirani mwenye jeep kubwa aliniuliza kama nimekanunua au nimekachuma mtini. Nikamwambia ngoja tukutane kwenye pompa ya mafuta. Kagari haka hakanywi mafuta, kananusa tu. Jirani akitaka kwenda Kambove, kwanza anakaa chini anafikiri, halafu anatafuta watu wa kumchangia. Mimi sifikiri, naenda. Nakiri nina tabia moja mbaya: kwenye miteremko ya hapa Likasi nazima injini, nashuka bure, hasa nikiona hakuna polisi wa roulage, wale wa barabarani, kule chini. Mke wangu hapendi. Anasema siku moja breki nayo itajua kwamba imezimwa. Nimebeba humo unga, makaa, samaki wa ziwa Tshangalele ambao harufu yao hawakushuka nayo, na siku moja mbuzi dume aliyekaa nyuma uso kwenye kioo, na watu wa pikipiki waliokuwa wanatufuata wakawa wanampungia mkono. Alikuwa mbuzi wa msiba, maskini, lakini alifurahi safari yake.

Nilikuwa nasema nini? Mke wangu. Lakini bado kuna mwanamke mwingine, wa Japani. Ni sauti. Kila ukiwasha gari anasema maneno mafupi, kwa adabu sana, na hakuna fundi aliyeweza kumnyamazisha. Mwanzoni mke wangu alimjibu: "Bonjour, mama." Siku hizi anamwitikia kwa kichwa.

Sasa, siku ya kosa ilikuwa Jumatano. Tulikuwa tumebeba kina mama watatu wa kwaya, wamebanana nyuma kama mikate, tunatoka Kambove. Mke wangu alikuwa kazini: angalia shimo, angalia bata, punguza, huyu wa pikipiki amelewa, shimo lingine, mbona unaenda kama unafukuzwa, mbona unaenda kama umelala. Nikachoka. Nikasema, na nilisema kwa sauti ili na wa nyuma wasikie:

"Weye mama, unasemaga mingi kupita huyu wa Japani. Yeye anasema mara moja, anafunga kinywa."

Kina mama wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mke wangu hakucheka. Tulipofika nyumbani alishuka, akafunga mlango polepole sana, na mlango ukifungwa polepole namna hiyo ujue mambo yameharibika.

"Bon," akasema. "Kuanzia leo, ndani ya motoka yako, minye ni gunia ya makala."

Gunia la makaa, mke wangu! Nilidhani anatania. Nyumbani alikuwa anasema kama kawaida: chakula kiko mezani, fungia kuku, soksi zako zinanuka. Lakini akishaingia garini, anakufa. Alhamisi tulienda sokoni, gunia. Ijumaa tulienda kwenye mazoezi ya kwaya, gunia. Kuomba msamaha sikutaka. Mtu ambaye ameshika usukani miaka arobaini, kuanzia malori ya kiwanda, anaomba msamaha kwa abiria? Hapana. Na ndani ya mji unaweza kuendesha na gunia, hakuna shida.

Shida ilikuwa Jumapili.

Mimi nimezaa watoto wa kike watano. Nawapenda wote, lakini wote waliolewa, na wajukuu wote waliozaliwa walipewa majina ya upande wa pili. Wajukuu tisa, hakuna hata mmoja anayeitwa jina langu. Utaniambia ni kitu kidogo. Uwe kwanza mzee, uketi barazani, usikie mama fulani anaita watoto waje kula, anaita majina ya wazee wengine wote isipokuwa lako, halafu uje uniambie. Basi binti yetu wa mwisho, anayekaa Lubumbashi, akazaa mvulana. Akanipigia simu: "Papa, ubatizo ni Jumapili saa nne asubuhi. Tumepatana na mume wangu hivi: nkambo, babu wa mtoto, atakayekuwa pale maji yakimwagwa, huyo ndiye atataja jina. Na baba mukwe anakaa nyuma ya kanisa, Papa. Weye unajua."

Najua. Huyo mukwe mwenzangu hana gari, ana miguu tu, na kutoka kwake mpaka kanisani ni hatua mia.

Tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilivaa suti ya kahawia. Mke wangu alivaa kitambaa kipya, akakaa kushoto, akafunga mkanda, akaweka mfuko wa karanga mapajani. Mwanamke wa Japani akasema yake. Mke wangu akamwitikia kwa kichwa. Halafu akawa gunia.

Hatujafika Buluo tukakuta kamiyo. Mbele yake kamiyo. Mbele ya hilo, sijui, maana ndiyo hayo nakueleza, sikuona. Makamiyo ya Jumapili hayaendi kanisani, yanaenda mpakani na shaba yao, na kwenye mlima yanapanda kama mtu mwenye goti bovu. Moshi wote unaingia kwangu. Nikainamisha kichwa kushoto nichungulie, nikainama mpaka sikio langu likagusa bega la mke wangu. Akasogea kidogo, akala karanga.

"Mama," nikasema, "kule mbele kuko namna gani?"

Akatazama dirisha la upande wake. Miti mizuri huko.

Nikajaribu kutoa pua ya gari kidogo, nikapigiwa honi ambayo mpaka leo naisikia nikilala vibaya. Nikarudi nyuma ya kamiyo. Akala karanga nyingine. Anazila moja moja, kama mtu anayevuta tasbihi.

Saa mbili ikafika, na sisi bado tunayasoma makalio yale yale. Mimi si msomaji, lakini namba ya lile kamiyo naweza kukuandikia sasa hivi.

Tulipokuwa tumeshaiacha Buluo nyuma, nilimwona bwana mmoja kando ya njia, amevaa tai, ana kuku hai chini ya kwapa, anainua mkono. Nikasimama. Akasema anaenda Lubumbashi, na kwamba yeye mwenyewe ni shofere wa siku nyingi, amewaendesha wakubwa kwenye jeep zao. Nikaona Mungu amenitumia jicho. Nikamwambia akae nyuma, upande wa kushoto, atoe kichwa nje.

"Bonjour, mama," akamsalimia mke wangu.

Gunia halikujibu. Bwana akanitazama kwenye kioo. Nikamwambia: "Amefunga kusema." Akasema pole, na yeye mama yake mdogo aliwahi kufunga hivyo kwa maombi, akapata jibu.

Tukaenda. Bwana ametoa kichwa, tai inapepea nje, kuku amebaki na mimi kwenye kioo ananikazia jicho. Mlima ukaisha, njia ikanyooka kidogo.

"Pita, papa! Njia iko wazi! Pita!"

Nikakanyaga. Nikatoka, nikawa ubavuni mwa kamiyo, na hapo ndipo nikaona mbele kwa macho yangu: lori la mafuta linakuja. Lilikuwa mbali, sikatai. Huyo bwana hakusema uongo. Kwa jeep ya bosi wake, ungepita na ukapata nafasi ya kupiga chafya. Lakini kagari kangu, nimeshakwambia, kananusa mafuta. Kitu kinachonusa tu hakina nguvu za ghafla. Nimekanyaga mpaka chini, na kenyewe kanalia kama mbu, na tairi la kamiyo linazunguka pale pale ubavuni.

"BADO!" Gunia lilifufuka. "Bado, bado, bado! Rudia! Rudia nyuma, mwanaume! Unapita na klima iko inawaka?"

Nikashika breki, nikarudi nyuma ya kamiyo. Lori la mafuta likapita, kagari kakatikisika kote. Klima, ile mashine ya ubaridi, mke wangu alikuwa ameshaizima kwa mkono wake. Ndiyo alivyokuwa anafanya siku zote, sikuwahi kuangalia. Anazima kwanza ubaridi ili injini ipate pumzi, ndipo anasema "pita". Nilidhani anasikia baridi.

Kuku akalalamika.

"Ile jeep ya bosi iko na nguvu, mama," bwana akajitetea kwa sauti ndogo.

"Hii si jeep," mke wangu akasema, bila kugeuka. "Hii mpaka uijue roho yake."

Nikatazama saa. Ilikuwa saa mbili na nusu, na jina langu linakaa nyuma ya kamiyo. Nikasema:

"Mama, nilikosa."

"Ulikosa nini?"

"Ile ya Jumatano. Kusema unasemaga mingi."

"Ulisema mbele ya nani?"

"Mbele ya bamama ya kwaya."

"Na sasa nani anasikia?"

"Huyu bwana."

"Na kuku," bwana akasema.

Mke wangu akafikiri. Akala karanga. Akampitishia bwana chache, mimi hakunipa, na nikajua jambo limekwisha: kuninyima karanga ndiyo adhabu iliyobaki.

"Kwaya utaenda kuwaambia wenyewe Ijumaa, wote wakiwa wamesimama. Leo endesha." Akashusha kioo, akaketi ukingoni mwa kiti. "Bado. Bado. Acha hii ndogo ipite. Bado, iko na mwenzake. Shika gia ya pili. Klima nimeshaizima. Sasa! Kanyaga, kanyaga, usitazame kamiyo, kamiyo haitakuoa, kanyaga! Ingia!"

Tukapita. Tukapita na la mbele, na la mbele yake. Alisema bila kupumzika mpaka Lubumbashi: shimo, mbuzi, huyu analala, huyu anakimbizwa, pita, bado, pita. Bwana alikuwa anaitikia huko nyuma kama kanisani. Katikati ya yote mke wangu alimpigia simu binti yetu: "Watoto wangapi wanabatizwa? Kumi na mmoja? Simama wa mwisho! Mtoto akilia, toka nje, zunguka. Mwambie padiri mtoto anajisaidia, mwambie kitu chochote!"

Tulimshusha bwana njiapanda, akatupungia na kuku. Saa tano kasoro robo tulikuwa mlangoni pa kanisa. Nikazima gari katikati ya uwanja, sikufunga hata mlango. Kukimbia katika suti si kitu cha umri wangu. Pumzi iliishia kwenye ngazi.

Ndani, kumi walikuwa wameshalowa. Wa kumi na mmoja alikuwa mikononi mwa mukwe mwenzangu, mzee mwembamba, msafi, hana hata jasho, amesimama pale mbele tangu asubuhi. Binti yetu alikuwa anageuka geuka kutazama mlango. Padiri akainua chombo cha maji, akauliza:

"Mtoto huyu mnampa jina gani?"

Mukwe akafungua kinywa. Mimi pale mlangoni nikafungua changu pia, ukatoka upepo tu. Nikamtazama mke wangu. Na yeye akanitazama. Haikuwa muda mrefu, lakini nilizeeka.

Halafu akasema. Alitaja jina langu lote, la kwanza na la pili, kwa ile sauti ya kumzuia mtu asipite ubavuni mwa kamiyo, na kanisa zima likageuka. Njiwa wakatoka darini.

"Mama," padiri akasema, "tumesikia. Hata Likasi wamesikia." Akamtazama binti yetu. "Ndilo hilo?"

"Ndilo hilo, mon père," binti akasema, machozi na kicheko pamoja.

Maji yakamwagwa. Mtoto, aliyekuwa amelala tangu wa kwanza mpaka wa kumi, akaamka na kulia kwa hasira ya kweli. Mukwe mwenzangu ni mtu wa heshima, lazima niseme. Alikuja mpaka mlangoni nilipokuwa nimeshika ukuta, akaninyooshea kile kifurushi.

"Kamata muntu wako, mukwe," akasema. "Minye nilimushika tangu saa tatu. Iko nzito."

Nikampokea. Alikuwa mzito kweli, na alikuwa amelowa juu na chini, juu kwa kazi ya padiri, chini kwa kazi yake mwenyewe. Nikamkumbatia hivyo hivyo juu ya suti ya kahawia.