Kiti cha Babu na Kiti cha Pasta

Jumapili iliyopita nilikuwa nimemaliza kusonga ugali, mwiko bado mkononi, binti yangu akakataa kuombea chakula. Huyu ni mtoto ambaye huombea hata embe bichi. Nikamwambia, "Omba upesi, baba yako ana njaa." Akainamisha kichwa. "Mama, Mungu hataki kunisikia. Mwalimu amesema moyo wangu ni mchafu."

Ndipo nikaona magoti yake. Yamechubuka, changarawe bado imeshika. Kosa lake? Baada ya shule ya Jumapili alichoka kusimama, akakalia kiti cha pasta. Unakijua kiti hicho hata kama hujafika kanisani kwetu hapa Mtito Andei: chekundu, kina mito, kimefunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono, na pasta asipokuwepo hukaa peke yake mbele kama bwana harusi aliyeachwa. Mwalimu wa Jumapili alimkuta hapo, akampigisha magoti nje mpaka ibada ikaisha, akamwambia Mungu amemwona na amekasirika.

Baba watoto anasema nilichomeka mwiko katikati ya ugali nikatoka kwenda kanisani na leso kiunoni. Mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilipopita vituo vya mafuta, pale madereva wa malori hula nyama choma, hasira ilianza kuchanganyika na kicheko. Kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kiti kingine.

Wewe ambaye hukulelewa Kasikeu, ngoja nikueleze. Miaka ya sabini, shule zikifungwa Agosti, nilipelekwa kwa babu na nyanya. Asubuhi kulikuwa na baridi na ukungu, na kitu cha kwanza kusikia ni kinu: nyanya anatwanga mahindi kuyatoa maganda, ndiyo muthokoi, du, du, du, huku anaimba wimbo wa kanisa, na mchi ndio ngoma yake. Mbaazi zilikuwa zimekomaa. Tulizichuma mpaka vidole vikanata, tukazimenya tukila mbichi, na nyanya akijifanya haoni.

Siku nzuri kuliko zote ilikuwa zamu yetu ya mwethya. Mwethya ni akina mama wa kijiji kuchimba matuta ya shamba kwa pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Walikuja na majembe na nyimbo, vumbi likapanda, matusi ya utani yakaruka kutoka tuta moja hadi lingine. Sisi watoto tulichota maji, tukafukuza kuku, tukachochea moto chini ya sufuria kubwa ya isyo, mahindi na mbaazi vikitokota pamoja. Harufu ile ikipita hata leo, nasimama.

Sasa, babu alikuwa na kiti cha miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, kimepambwa kwa waya wa shaba. Hakuna aliyekikalia ila yeye. Akienda kwa wazee alikibeba begani. Nyanya alifagia kukizunguka, hakukisogeza hata kidogo. Na babu alikuwa ameokoka, tafadhali. Hirizi zake alizichoma mbele ya kanisa zima. Lakini kiti kilibaki, na hofu ya kukigusa ikabaki nacho.

Siku hiyo ya mwethya nilibeba mbaazi za kumenya, nikakosa pa kukaa. Nikakaa hapo.

"Aiya!" Jirani yetu, mama mwenye sauti ya tarumbeta, aliangusha jembe. "Mtoto wa kike amekalia kiti cha mzee!"

Wimbo ulikatika. Majembe yakasimama. Jirani akaendelea, "Mbuzi achinjwe leo hii, la sivyo laana itaingia nyumba hii!"

Babu akatoka kwenye zizi. Mimi nimeganda, mbaazi mapajani.

"Mbuzi wa nini? Mtoto amekikojolea?"

"Hapana, mzee. Amekikalia."

"Basi kiti kimefanya kazi yake."

Akina mama wakaangua kicheko. Babu hakucheka. Alikitazama kile kiti kama mtu anayetazama nyoka ambaye amelala naye miaka yote, kisha akasema polepole, "Kumbe nilichoma hirizi zote isipokuwa ile niliyoikalia."

Halafu akakibeba hadi katikati ya uwanja. "Njooni. Kila mtu akae." Tulikaa wajukuu wote, tukisukumana. Wakakaa akina mama, na vumbi lao la shambani. Nyanya alikaa akapiga kigelegele, akasema, "Na mimi nilidhani hapa kuna kitu!" Jirani akabaki nyuma, mikono kifuani.

"Na nikifa?" akauliza.

"Tutaimba," nyanya akamjibu. "Leo tuko wengi."

Akakaa. Hakufa. Alikula sahani mbili za isyo akiwa juu yake, hata kuondoka akakataa.

Tulipokuwa tunakula nilimuuliza nyanya kama Mungu alinikasirikia. Alisema, "Dhambi ni kama gugu, hulipandi na bado linaota, hata kwangu mimi. Lakini Mungu hachomi shamba kwa sababu ya gugu. Kule bustanini aliingia akiuliza Adamu yuko wapi, vile mimi hutafuta kuku wangu jua likishuka." Nilimwona Mungu hivyo tangu siku hiyo: ameinama chini ya ghala, anaita. Sijawahi kumwogopa kwa namna ya kumkimbia.

Babu na nyanya wamelala chini ya matuta yale. Siku hizi tukitaka tuta tunakodisha vijana, wanachimba kimya. Kiti kililiwa na mchwa, na nilipoambiwa nilicheka, kwa kuwa babu angecheka kwanza.

Nilifika kanisani nikiwa hivyo, nacheka na kukasirika. Wazee wa kanisa walikuwa bado wanakunywa chai na mwalimu wa Jumapili.

"Mama, mtoto lazima afundishwe heshima," mwalimu akaanza.

"Mwalimu, mtoto wangu ana dhambi, nazijua kuliko wewe. Juzi alilamba sukari yote akampaka mdogo wake mdomoni ili huyo mdogo ndiye apigwe. Hiyo niliishughulikia. Kukalia mto si dhambi."

Mzee mmoja akakohoa. "Malalamiko huandikwa, mama."

"Basi andika." Akachukua kalamu, nami nikasema polepole ili asiruke neno:

"Mimi, mama wa mtoto aliyepigishwa magoti, namlalamikia mwalimu wa Jumapili kwa kumwambia mtoto wangu uongo kuhusu Mungu. Sitaki mwalimu afukuzwe. Nataka amwambie mtoto, kwa mdomo ule ule, kwamba Mungu bado anamsikia. Na Jumapili ijayo kiti kile kitolewe nje uwanjani, kivuliwe vitambaa, kila mtoto akikalie, mwalimu akiwa wa kwanza. Akiogopa, kanisa litujibu ni nani anayeabudiwa hapa. Chakula nitapika mimi. Isyo, sufuria kubwa."